Dalili za mimba changa: tuanze kuuliza nini, na kipimo kifanywe lini?

MhudumuKisauni anauliza:

Assalam aleikum, na habari za jioni wote. Swali langu ni la kazi. Sisi tunaopita nyumba kwa nyumba huku Kisauni hatumalizi wiki bila kuulizwa, "Nitajuaje kama nimeshika mimba?" Na kila mmoja wetu ana jibu lake. Yuko anayeuliza tu kama mtu anatapika asubuhi. Yuko anayemwambia mama angoje miezi miwili ikatike. Na wako wazee wa mtaani wanaomtazama mtu kishimo cha shingo, wakiona kinadunda wanampa hongera papo hapo.

Ninachotaka ni njia moja inayoshikika. Dalili zipi hutangulia na zipi huja nyuma? Kipimo cha mkojo kifanywe siku ya ngapi ndipo kiaminike? Mstari wa pili ukitoka hafifu sana, tuuhesabu vipi? Na kubwa kuliko yote, wale ambao hawaoni siku zao, walio kwenye sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu na wanaonyonyesha, tuwaulize nini? Kwao "umekosa siku zako?" halina maana.

NesiLikoni:

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Anza na tarehe kabla ya dalili yoyote. Unayoitafuta ni siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani siku damu ilipoanza kutoka. Hapo ndipo penye makosa mengi. Akina mama wengi wa Kiislamu hukumbuka zaidi siku waliyooga josho wakarudi kuswali, na hiyo huwa siku tano hadi saba baadaye. Ukiiandika hiyo umeipunguza mimba karibu wiki nzima. Kwa hiyo uliza mara mbili: "Damu ilianza lini?" kisha "Ulitwaharika lini?" Majibu mawili yakipishana siku tano, sita, ujue ile ya kwanza ndiyo uliyokuwa ukiitaka. Yakiwa siku moja, rudi nyuma umuulize upya.

Mwengine atakutajia tarehe ya mwezi mwandamo, tuseme siku ya tatu ya Mfungo Sita. Usiikatae, huenda ndiyo kumbukumbu yake iliyo safi kuliko zote kwa kuwa anaifunga na Maulidi. Itafute kwenye kalenda ya ukutani yenye tarehe zote mbili. Usikisie kichwani, maana mwezi mwandamo ni siku 29 au 30 na mwaka wake ni mfupi kwa siku kama 11.

Kisha muulize kutoka hedhi hadi hedhi huchukua siku ngapi. Kati ya 21 na 35 zote ni kawaida. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi ijayo, wala si siku 14 baada ya ile iliyopita, na watu wengi wanaligeuza hili. Mwenye mzunguko wa siku 28, yai lake hutoka karibu na siku ya 14. Mwenye mzunguko wa siku 35, karibu na siku ya 21. Yai likisharutubishwa huchukua siku sita hadi kumi hivi kabla halijajipachika kwenye ukuta wa kizazi, na ni baada ya hapo ndipo homoni ya mimba, hCG, inapoanza kuingia kwenye damu ya mama. Basi huyu wa siku 35 ukimpima siku ya 29 kwa kuwa "amechelewa", mkojo utakataa hata kama mimba imo. Hajachelewa huyo. Zake bado.

Asiyejua mzunguko wake, au ambaye mzunguko wake hautabiriki, hesabu siku 21 tangu alipolala na mume mara ya mwisho bila kinga. Kipimo cha siku hiyo au baada ya hapo kinaaminika.

Sasa dalili, nikihesabu wiki tangu hiyo siku ya kwanza ya hedhi. Mwishoni mwa wiki ya nne hedhi haiji. Wiki ya nne kwenda ya tano matiti hujaa na kuuma hata yakiguswa na nguo, na uchovu huingia, ule wa mtu kusinzia saa nne asubuhi na usiku alilala vizuri. Kichefuchefu kwa wengi huanza wiki ya tano au ya sita, hukolea karibu na wiki ya tisa, kisha hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 16. Kwenda haja ndogo mara kwa mara huanza mapema pia, kabla kizazi hakijawa kikubwa cha kukandamiza kibofu, kwa sababu damu inayopita kwenye figo imeongezeka. Kufunga choo, tumbo kujaa gesi, mate mengi mdomoni, ladha kama ya chuma, hizo huja na kwenda na wala usizihesabu sana.

Na hilo la "asubuhi" liacheni. Kichefuchefu cha mimba hakina saa. Kuna anayeamka mzima, akala mahamri na mbaazi vizuri, kisha jioni mafuta ya viazi karai yakipanda joto barabarani hawezi hata kupita. Pua ndiyo inayobadilika. Papa mkavu, udi, moshi wa magari kwenye feri, vitu alivyovizoea miaka yote, ghafla havivumiliki. Ukimuuliza "unatapika?" atajibu hapana. Muulize, "Kuna harufu imekukinai siku hizi?"

Jambo la mwisho kwangu ni madoa. Wengine hutokwa na damu kidogo pale mimba inapojipachika, siku chache kabla ya hedhi kutarajiwa au karibu na siku yenyewe. Huwa ya waridi au ya kahawia, siku moja au mbili, haijazi pedi, haina mabonge. Mama akiihesabu hiyo kuwa hedhi, umri wa mimba utakosewa kwa wiki tatu hadi nne. Kwa hiyo usiulize tu "damu ilikuja?" Uliza, "Ilikuwa kama kawaida yako? Ulibadilisha pedi ngapi kwa siku?"

DukaLaDawaMajengo:

Naongeza upande wa kipimo, maana watu hununua kizuri wakakiharibu wenyewe.

Kwanza pakiti. Tazama tarehe ya mwisho, na kama kifuko kimetoboka, kitupe. Vingi vimeandikwa vihifadhiwe kati ya digrii 2 na 30. Hapa Mombasa, mwezi wa pili na wa tatu, chumba chenye paa la mabati kinavuka hapo mchana, na ndani ya tuktuk iliyoegeshwa juani usiseme. Unyevu nao ni adui. Kijiti ni karatasi yenye kemikali zilizokaushwa, zikinywa unyevu wa bafuni kwa wiki mbili zinaharibika. Usikifungue mpaka mkojo uko tayari kikombeni.

Kikombe kiwe safi na kikavu, bila mabaki ya sabuni. Mkojo wa kwanza wa alfajiri ndio mzito. Mwezi wa Ramadhani mtu huamka daku, akanywa vikombe vitatu vya maji, kisha akapima baada ya swala ya alfajiri akidhani huo ndio wa kwanza. Tayari umezimuka. Akinge mkojo kabla hajagusa maji ya daku.

Kile chembamba kama karatasi, kitumbukize mishale ikielekea chini, kisipite mstari ulioandikwa MAX. Kikizama zaidi, mkojo unafurika juu ya sehemu ya kusomea na jibu linaharibika. Sekunde zimeandikwa kwenye pakiti, mara nyingi kati ya 5 na 15. Kitoe, kilaze juu ya kitu kikavu kilicho sawa, angalia saa. Kile cha plastiki chenye kidirisha hakitumbukizwi, kinadondoshewa matone, kwa kawaida matatu, kwenye kishimo. Soma kati ya dakika ya tatu na ya tano. Baada ya dakika 10 kitupe, usikirudie tena.

Mstari wa C, ule wa kuonyesha kijiti kinafanya kazi, usipotokea, hakuna jibu lolote hapo, hata kama wa T, ule wa mimba, umetokea. Chukua kipya. C na T zote zikiwepo, ni mimba, hata T ikiwa hafifu, alimradi ina rangi ileile ya C, nyekundu au waridi, na imetokea ndani ya muda. Ikija baadaye kama kivuli cha kijivu kisicho na rangi, huo ni mkojo uliokauka. Unahangaisha wengi: mtu kapima asubuhi akaona mmoja, katupa kwenye ndoo, jioni anakiokota anaona miwili.

Mstari hafifu wenye rangi, rudia baada ya saa 48 hadi 72. Homoni hukaribia kuwa maradufu kila siku mbili au tatu wakati huu, kwa hiyo mstari unatakiwa uwe umekoza. Ukibaki vilevile au ukififia, aende hospitali.

Chumvi, sukari na dawa ya meno si vipimo. Povu na mabonge yale hutokana na tindikali na chumvichumvi zilizomo kwenye mkojo wa mtu yeyote, na mkojo wa mume wake utafanya vilevile. Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, ndiyo mbaya kabisa, ikikutana na mkojo hutoa mvuke unaochoma kifua na macho. Mwambieni asijaribu ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha, wala penginepo.

Kuhusu P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, kwa kuwa nyinyi lazima mtaulizwa. Inaweza kuvuta hedhi mbele au nyuma kwa kama wiki moja. Ikichelewa zaidi ya siku saba kuliko alivyoitarajia, apime. Na kama mimba ilikuwa tayari imo, P2 haiitoi wala haimdhuru mtoto.

MaabaraTudor:

Nakubaliana na mwenzangu wa duka la dawa, ila naona amekaza sana kwenye mkojo wa alfajiri. Huo una uzito siku zile za mwanzo tu, hedhi ikiwa imechelewa siku moja hadi tatu. Vijiti vingi hushika homoni ikifika 25 mIU/ml, ndicho kizio cha kuihesabia, imeandikwa kwenye pakiti. Ikishapita wiki moja tangu hedhi kukosekana, homoni huwa imepita hapo mbali sana, na mkojo wowote uliokaa kibofuni saa tatu au nne unatosha. Msimrudishe mama nyumbani asubiri kesho kwa sababu amekuja mchana.

Mnisaidie kuvunja dhana moja: damu iliyotolewa kupima malaria haionyeshi mimba. Watu huja wakisema "nilipimwa damu yote, sina mimba." Kipimo cha mimba lazima kiombwe chenyewe. Kikiombwa kwa damu, chini ya 5 ni hakuna. Zaidi ya 25 ni ipo. Katikati hapo hatusemi kitu, tunarudia baada ya saa 48 tuone kama inapanda. Faida ya kipimo cha damu chenye namba ni huko kulinganisha. Kwa mama ambaye hana maumivu wala damu na kijiti chake kimekoza, ni kupoteza pesa.

Sasa kijiti kinapodanganya. Kinakataa mimba iliyopo hasa kwa kupimwa mapema, kwa mkojo uliozimuka, au kwa kijiti kilichoharibika. Lakini kuna kisa cha kinyume chake ambacho wengi hawakijui. Homoni ikiwa nyingi kupita kiasi, inafurika kwenye kijiti na mstari wa T unashindwa kujengeka. Hutokea kuelekea mwisho wa miezi mitatu ya kwanza homoni inapokuwa kileleni, kwa mimba ya mapacha, na hasa kwa mimba zabibu, ile ambayo kondo hukua vibaya kama vishada vya malengelenge. Mama ana dalili zote, hedhi imekosekana miezi miwili na nusu, kijiti kinakataa. Changanya mkojo na maji safi, sehemu moja kwa sehemu tisa au zaidi, upime tena. Mstari ukijitokeza, umempata. Mpelekeni akapigwe picha ya tumbo.

Kinakubali mimba isiyokuwepo kwa nadra. Mimba ikitoka, homoni huweza kubaki mwilini wiki nne hadi sita. Sindano za kutafuta uzazi zenye hCG yenyewe nazo hufanya hivyo. Antibayotiki, dawa za malaria, vidonge vya majira na panadol havibadilishi jibu.

MhudumuKisauni:

Shukran sana. Hilo la josho limenigusa, daftari langu lina tarehe za namna hiyo kurasa nzima. Nasubiri bado upande wa wanaonyonyesha na wa sindano. Na mzee mmoja wa hapa hataki kabisa kuambiwa kwamba shingo si dalili, nimjibu nini?

MkungaMjiWaKale:

Mwanangu, mzee usimvunjie heshima, maana anachokiona kipo. Mimba ikiingia, moyo husukuma damu nyingi zaidi na mapigo huongezeka tangu wiki za mwanzo. Mtu mwembamba, ukimtazama kishimo cha shingo juu ya mfupa wa kifua, utaona panadunda. Tatizo ni kwamba panadunda vilevile kwa mwenye upungufu wa damu, kwa mwenye homa, kwa mwenye tezi ya shingo yenye ugonjwa, na kwa aliyepanda ngazi mbio. Mwambie: "Mzee, umeona vyema, sasa tumpime." Akikubali hilo, umepata msaidizi mwenye jicho.

Mimi mahali ninapopaamini zaidi kwa macho ni matiti. Weusi unaozunguka chuchu hukoza na kupanuka, na vile vipele vidogovidogo vilivyomo ndani ya weusi huvimba kama punje za mtama. Mishipa ya kibuluu huonekana chini ya ngozi, kwa mweupe zaidi. Kwa mimba ya kwanza haya huonekana wazi kuanzia wiki ya sita, ya nane. Aliyekwisha kuzaa na kunyonyesha, weusi ulikwisha kubadilika tangu zamani, kwa hiyo usimsome kwa hilo. Ule mstari mweusi wa kushuka kutoka kitovuni ni wa baadaye sana, usiutafute sasa.

Embe mbichi kwa pilipili, ukwaju na mabuyu, waacheni wale. Udongo ni habari nyengine. Hamu ya kula udongo, mkaa au barafu mara nyingi hufuatana na upungufu wa damu, mwenye mimba au asiye nayo. Ukimkuta anatafuna udongo wa sokoni, andika apimwe damu, na umwambie kuwa una mayai ya minyoo na huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Sasa wale wako wawili. Kwenye vituo vya kupanga uzazi kuna maswali sita ambayo hutumika pale kipimo kinapokosekana, nawe yatakufaa. Je, hedhi yake ilianza ndani ya siku saba zilizopita? Je, hajalala na mwanamume tangu hedhi ya mwisho au tangu kujifungua? Je, amekuwa akitumia njia ya kuaminika bila kukosea? Je, amejifungua ndani ya wiki nne? Je, mtoto hajafika miezi sita, ananyonya tu bila kulishwa kitu, na hedhi haijarudi? Je, mimba ilitoka ndani ya siku saba zilizopita? Jibu la "ndiyo" kwa moja tu, na hana dalili zozote za mimba, unaweza kuwa na hakika ya kutosha kwamba hana. "Hapana" kwa yote sita, usiseme kitu, mpime.

Anayenyonyesha humponza swali la tano. Vyote vitatu lazima viwe pamoja. Mtoto wa miezi minne aliyeanza kupewa uji au maziwa ya ng'ombe, kinga ya mamake imeshapungua. Na yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi, kwa hiyo anaweza kushika mimba pasina kuona hata tone. Dalili zake nazo zimefichika: matiti yamejaa kwa kunyonyesha, uchovu ni wa kuamka usiku. Tafuta lililobadilika. Chuchu zinauma ghafla mtoto akinyonya ilhali miezi yote hazikuuma, maziwa yamepungua bila sababu, kichefuchefu kipya. Hapo pima.

Wa sindano, hedhi kukatika ni kazi ya sindano yenyewe, haina maana ya mimba. Muulize alidungwa lini na kama alirudi kwa wakati. Shirika la Afya Duniani linaruhusu kudungwa tena hadi wiki nne baada ya siku iliyopangwa bila shaka ya mimba. Akizidi hapo, pima kwanza. Aliyeacha sindano naye, hedhi huweza kuchukua miezi mingi kurudi, na katika miezi hiyo yai linaweza kutoka siku yoyote. Huyu hana tarehe ya kuhesabia, kwa hiyo kwake tumia ile hesabu ya Nesi ya siku 21.

Wa vijiti vya kupanga uzazi vya mkononi, yaani kipandikizi, usisahau kumuuliza dawa nyengine. Rifampicin ya kifua kikuu, efavirenz ya virusi vya ukimwi, carbamazepine na phenytoin za kifafa hupunguza nguvu ya kipandikizi na ya vidonge vya majira. Sindano ya miezi mitatu haiguswi na hizo.

Na ukimkuta amechelewa kabisa kujua, mlaze chali akiwa amekojoa, mkono juu ya mfupa wa kinena. Kizazi huanza kupapaswa juu ya mfupa huo kwenye wiki ya 12, na hufika kitovuni kwenye wiki ya 20 hadi 22. Papasa polepole, kwa ubavu wa kiganja cha mkono wa kushoto, ukianzia juu ukishuka. Anayebonyeza kwa ncha za vidole hupata misuli tu.

TabibuChangamwe:

Hakuna aliyegusia hili na ndilo linaloua, kwa hiyo nitalirudia kwa kila mhudumu anayesoma. Kijiti chenye mistari miwili kinasema mimba ipo. Hakisemi iko wapi. Mimba iliyotunga nje ya kizazi, mara nyingi ndani ya mrija, hutoa mistari miwili vilevile, na dalili za mwanzo zilezile. Kati ya wiki ya sita na ya nane hivi mrija huanza kushindwa.

Mwenye mistari miwili, au mwenye hedhi iliyokosekana hata kama hajapimwa, akiwa na maumivu ya tumbo la chini hasa upande mmoja, madoa ya damu, kizunguzungu au kuzirai, huyo anapelekwa hospitali yenye chumba cha upasuaji, saa hiyohiyo. Maumivu kwenye ncha ya bega ni dalili mbaya zaidi: damu imevuja tumboni, inachokoza kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, na neva zake zinashirikiana na za bega. Mtu hajaumia bega, hajabeba mzigo, bega linamuuma akilala chali. Msimpe panadol mkangoja asubuhi. Na asikandwe tumbo. Najua huku kukanda tumbo la mjamzito ni desturi, lakini kumkanda huyu ni kuupasua mrija.

Walio katika hatari zaidi ni aliyewahi kupata mimba ya namna hiyo, aliyewahi kuugua maambukizi ya nyonga, aliyefanyiwa upasuaji wa mirija, na aliyeshika mimba akiwa na koili ya kupanga uzazi ndani.

Picha ya tumbo nayo isikimbiliwe mapema bila sababu. Kwa kipimo kinachoingizwa ukeni, kifuko huonekana karibu na wiki ya tano na mapigo ya moyo karibu na ya sita. Kwa kile cha juu ya tumbo, ongeza kama wiki moja. Anayepigwa picha wiki ya nne na nusu ataambiwa "hakuna kitu", arudi nyumbani akilia, na mimba yake salama. Kama hana maumivu wala damu, wiki ya saba au ya nane inatosha. Mwenye maumivu hangoji wiki yoyote.

La pili, homa. Mwili kuhisi joto kidogo ni kawaida ya mimba changa. Homa ya digrii 38 si kawaida yake. Pwani hii uchovu, kichwa kuuma, kutapika na viungo kulegea huenda ni malaria, na huenda ni malaria pamoja na mimba. Pima vyote viwili, kwa sababu dawa anayopewa mjamzito na kipimo chake huamuliwa na jibu la mimba. Mkojo unaochoma au wenye harufu kali si dalili ya mimba, ni maambukizi, na kwa mjamzito hupanda haraka kwenye figo.

Anayetapika mpaka maji hayakai tumboni kwa saa 24, mkojo ukawa kidogo na rangi ya chai ya rangi, au amepungua uzito kwa asilimia 5, huyo anahitaji maji ya mshipa. Aliye na kichefuchefu cha kawaida, ale kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, kitu kikavu kabla ya kuinuka kitandani, na tangawizi. Isiposaidia, daktari anaweza kumpa vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku.

MhudumuKisauni:

Tabibu, hilo la kukanda tutalisema kesho kwenye kikao. La mwisho: leo nimemkuta mtu mwenye mistari miwili, hana maumivu, kliniki ataenda wiki ijayo. Kuna cha kumpa au kumkataza kabla ya hapo?

NesiLikoni:

Asidi ya foliki, mikrogramu 400 kila siku, aanze leo jioni. Uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hufunga karibu siku 28 tangu mimba kutungwa, yaani wiki ya sita kwa hesabu yetu, wiki mbili tu baada ya hedhi kukosekana. Anayegundua mimba wiki ya nane ameshapitwa na dirisha hilo, lakini kidonge bado kitamfaa kwa damu. Kliniki atapewa kile kilichochanganywa, foliki 400 na madini ya chuma miligramu 60. Asikinywe na chai, chai huzuia madini ya chuma. Maji ya ndimu au ya chungwa ni bora.

Cha kumkataza: pombe na sigara, dawa za maumivu za ibuprofen na diclofenac bila kumuuliza daktari, antibayotiki ya doxycycline, na dawa za miti shamba za "kusafisha tumbo". Anayetumia dawa za presha, kifafa au kisukari asiziache mwenyewe kwa hofu. Aje nazo mkononi, hata kesho, asingoje wiki ijayo.

Ziara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya 12. Atatolewa damu kwa kundi la damu, wingi wa damu, virusi vya ukimwi na kaswende, na atapimwa mkojo. Mwambie mapema ili asishtuke akiona chupa nyingi.

Na tarehe ya kujifungua mkadirie hapohapo: siku ya kwanza ya hedhi, ongeza siku saba, rudi nyuma miezi mitatu, uweke mwaka unaostahili. Hedhi ikiwa ilianza 3 Machi 2025, ni kama 10 Desemba 2025. Mwenye mzunguko wa siku 35 muongezee wiki moja. Iandike kwenye daftari lako, na kando ya tarehe ya hedhi weka neno moja, "ana hakika" au "anakisia", ili anayempokea kliniki ajue kama aifuate au amtume akapigwe picha.